Mguu wa Mama Mkwe

Ukimwuliza fundi wa miguu bandia habari za asubuhi, hakujibu "nzuri" kama watu wengine. Alijibu, "Kaburi liko tupu!" Tena alijibu kwa sauti ya mtu aliyetoka kuyaona mambo hayo dakika tano zilizopita, akakimbia njia nzima kuja kuyasema. Mlinzi wa geti la hospitali alishamzoea, akawa anaitikia "Na lisijae!" huku akivuta komeo. Wauguzi nao walimzoea. Tatizo lilikuwa wagonjwa wapya.

Hebu fikiria ni wewe. Umelazwa jana, daktari amekwambia mguu hauponi, leo unakatwa. Unasukumwa kwenye korido, roho iko mkononi, mara anatokea bwana mmoja mwenye aproni iliyojaa vumbi la plasta, anapita mbio na kupaza sauti: "Kaburi liko tupu!" Mzee mmoja aliteremka kitandani palepale akadai apewe nguo zake arudi kwake.

Matroni akamwita fundi ofisini.

"Fundi, hiyo salamu yako naomba uipunguze."

"Niipunguze vipi, Matroni? Niseme liko nusu tupu?"

Matroni alijikaza asicheke, akashindwa. Wakaafikiana: kwenye korido ya upasuaji, kimya; ndani ya karakana yake, ruksa.

Jina nalo likaanzia hapo. Wagonjwa walimwita Fundi Kaburi Tupu, likafupishwa likawa Fundi Tupu, mpaka siku moja mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, akalisikia sokoni. Alifika nyumbani machozi ya kicheko yakimtiririka. "Mume wangu," alisema, "watu watadhani unafanya kazi bila nguo."

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, kati ya chumba cha kufulia na banda la jenereta. Ndani mlikuwa na meza ndefu yenye jiliwa tatu za kubania vyuma, oveni ya kulainishia plastiki, na rafu ya nyayo za mpira zilizopangwa kwa saizi kama viatu dukani. Ukutani ziliegemea sanamu za plasta za vigutu vya watu, kila moja na namba yake ya penseli. Mwisho wa chumba palikuwa na vyuma viwili sambamba vya kushikilia, na kioo kirefu cha mtu kujitazama akijifunza kutembea. Fundi alikuwa amekaa humo miaka ishirini na miwili, na kila asubuhi aliingia kama anaingia harusini.

Siri yake haikuwa siri, maana alimwambia kila mtu. Aliamini kwamba iko siku Mungu atawainua watu wake, na atawainua na miili yao. Kwa hiyo kwake hapakuwa na kiungo cha kudharau. Kigutu cha mtu alikishika kwa mikono miwili, taratibu, kama kitu cha mwenye nacho ambaye atarudi kukiulizia.

"Bwana alipofufuka," aliwaambia wagonjwa huku tupa ikilia juu ya plastiki, "hakurudi kama moshi! Alirudi na mikono, na miguu, na makovu yake. Wenzake wametoa macho, wanadhani mzuka. Yeye anawauliza, hapa hamna chakula? Akala samaki! Samaki, jamani! Mzuka hauli samaki!"

Sehemu hiyo ya samaki ilimsisimua kila mara kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia. Tupa ilisimama, fundi akabaki anatikisa kichwa na kutabasamu peke yake.

Halafu mkewe akafa.

Ilikuwa Jumatano, mchana kweupe, mbele ya ubao, chaki mkononi. Mshipa wa kichwani ulipasuka, na kabla gari la wagonjwa halijafika alikuwa amekwisha kata roho. Wiki hiyohiyo mama yake mzazi alikuwa amelazwa ghorofa ya juu ya hospitali ileile ya fundi. Kisukari kilikuwa kimeula mguu wake wa kushoto, na asubuhi ya Alhamisi ukakatwa chini ya goti, familia ikiwa bado haijajua imwambie vipi. Ijumaa fundi alipanda ngazi, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama mkwe wake, akamwambia.

Yule mama hakupiga yowe. Aliuliza neno moja tu.

"Anazikwa lini?"

"Kesho, Mama."

Akautazama mguu wake uliofungwa bandeji, kisha akageukia ukutani.

Jumatatu fundi alirudi kazini. Mlinzi alimwona kwa mbali akaogopa hata kumsalimu. Akafungua geti, macho chini. Fundi akasimama.

"Leo huniulizi habari za asubuhi?"

"Habari za asubuhi, Fundi," mlinzi alisema.

Fundi akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, wapi. Mara ya tatu akasema, polepole sana, "Kaburi liko tupu," akapita, akajifungia karakanani, akalia mpaka saa nne. Saa nne akanawa uso, akawasha oveni.

Mama mkwe alipotoka hospitali alikuja kukaa kwa fundi. Mumewe alishatangulia zamani, na nyumba ya fundi ilikuwa imebaki kubwa kupita kiasi, kwa sababu binti yake wa pekee alikuwa mbali, chuo cha ualimu. Fundi alimwaga zege mlangoni ili kiti cha magurudumu kipite bila kurukaruka, akashusha swichi za taa zifikike kwa mtu aliyekaa. Jirani mmoja mwenye moyo mwema akawa anashinda na mgonjwa mchana. Na fundi akawa anasubiri kidonda kifunge, kwa hamu ambayo hakuweza kuificha. Unyayo wa mpira alikwisha uchagua na kuuweka kando, saizi thelathini na nane.

Siku ilipofika alivaa shati safi, akaenda sebuleni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, daktari anasema kidonda kimefunga vizuri sana. Sasa unaweza kupimwa mguu."

"Mguu ninao."

"Uko wapi, Mama?"

Mama mkwe akanyoosha kidole juu darini. "Nimewekewa. Siku ya mwisho nitaupokea, mpya, hauna sukari wala ganzi. Hicho cha plastiki nikipeleke wapi?"

Fundi naye akatazama darini. Atabishana vipi? Hayo ndiyo aliyokuwa akiyahubiri miaka yote. Tena huyu mama alikuwa amewafundisha watoto wa kanisani kwa miaka arobaini. Hata marehemu mkewe alikuwa ameipokea imani hiyo magotini pa mama huyu.

"Lakini Mama, siku hiyo hatujui ni lini."

"Ndiyo maana nimekaa. Mtu anayengoja hukaa."

"Mama..."

"Halafu, mkwe wangu, wewe ndiye unishike mguu mimi? Kaa na adabu yako."

Ikawa hivyo miezi na miezi. Fundi alimwahidi kwamba angepimwa na mwanamke mwenzake, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye hospitali nzima ilimwita Kamanda. Hapana. Alimletea picha za watu wanaotembea. Hapana. Jumapili moja alileta samaki mkubwa wa kukaanga, akaketi mezani akiwa ameshapanga hoja yake kichwani tangu kanisani.

"Mama, Bwana alipofufuka hakusema, mimi sasa ni wa mbinguni, chakula cha duniani nitakipeleka wapi. Alikula! Alikuwa na mwili mpya na bado akaona kipande cha samaki kina maana. Basi na mguu wa plastiki nao..."

"Hoja nzuri," mama mkwe alisema. "Sogeza huyo samaki. Mguu uache hapohapo ulipo."

Akala samaki karibu wote.

Fundi hakukata tamaa, ila alianza kuona kitu kilichomtia baridi. Mama mkwe alisema maneno yaleyale aliyoyasema yeye, ufufuo, mwili mpya, siku ile kuu, lakini macho yake hayakuwaka. Mikono ilikaa mapajani tangu asubuhi hadi jioni. Alisema habari za kufufuka kama mtu anayesoma ratiba ya basi ambalo hajali litafika saa ngapi.

Ikapita zaidi ya mwaka. Jumanne moja gurudumu la kiti likachomoka spoki zake, tairi likakaa upande kama kofia ya mlevi. Jirani siku hiyo alikuwa amesafiri. Fundi hakuwa na la kufanya: alifunga gurudumu kwa waya lisimame walau saa moja, akamsukuma mama mkwe mpaka karakanani ili akalitengeneze kwenye jiliwa.

"Mimi nitakaa mlangoni," mama mkwe alitangaza. "Siingii."

Akaketi mlangoni kwenye benchi, blanketi magotini, akageuza uso nje. Ndani, kati ya vile vyuma viwili, alikuwepo mwokaji mikate, pande la mtu, aliyepoteza mguu kwenye ajali ya pikipiki. Ilikuwa wiki yake ya tatu na bado alitembea kama anayevuka mto usiku. Macho yake yalibandikwa sakafuni.

"Tazama mbele!" Kamanda aliamuru. "Mbele!"

"Natazama, natazama," mwokaji alihema, akiangalia vidole vyake.

Dakika zikapita. Fundi alikuwa ameinamia gurudumu aliposikia sauti kutoka mlangoni, ile sauti iliyonyamazisha watoto kwa miaka arobaini.

"Wewe baba mwenye tumbo! Umeangusha sindano?"

Mwokaji akashtuka, akainua uso.

"Hapohapo! Usiteremshe! Kaza goti. Kisigino kwanza, halafu vidole. Kisigino, nimesema! Usiutupe mguu kama unafukuza kuku!"

Mwokaji akakanyaga kisigino. Akakanyaga tena. Hatua nne, tano, mikono ikielea juu ya vyuma bila kuvigusa, hadi mwisho wa njia, akageuka, akasimama wima, jasho likimchuruzika, mdomo wazi. Kamanda akapiga makofi. Mgonjwa mmoja aliyesubiri zamu akapiga mluzi.

"Tena!" mama mkwe alipaza sauti akipigapiga benchi kwa kiganja. "Rudi tena! Sasa hivi, kabla mwili haujasahau!"

Fundi aliinua macho kutoka kwenye gurudumu, na bisibisi ikamponyoka. Uso wa mama mkwe ulikuwa umewaka. Fundi alikuwa ameshaanza kuamini kwamba hatauona tena uso huo.

Mwokaji akarudi, akafika karibu na mlango, akajifuta shingo kwa taulo. "Asante sana, Bibi," alisema, hana nia mbaya hata chembe. "Na wewe wako utaanza lini?"

Kamanda akajitia kukunja mkanda ambao ulikuwa umekwisha kunjwa. Mama mkwe akaliangalia blanketi lake, pale lilipolala bapa upande wa kushoto.

"Mkwe wangu," alisema, "kiti kimepona? Nirudishe nyumbani."

Walirudi kwa njia ya kupita nyuma ya shule. Walipofika usawa wa ukuta wa darasa, watoto walikuwa ndani wanaimba jedwali la saba kwa sauti moja. Ndilo darasa alilokuwa akifundisha mkewe.

"Simamisha," mama mkwe alisema.

Wakasikiliza saba mara nne, saba mara tano.

"Siku ile mnamzika," alianza bila kugeuka, "mimi nilikuwa nimelala chali kama mzigo. Mzazi akizika mtoto wake, husimama pale. Hata kama anashikiliwa na watu, husimama. Mimi sikusimama. Nikasema moyoni, basi. Kama sikusimama siku ile, sitasimama tena mpaka yeye naye atakaposimama. Sasa wewe unaniletea habari za mguu."

Fundi akazunguka mbele ya kiti, akachuchumaa mavumbini, uso kwa uso.

"Mama, ile salamu yangu ya asubuhi. Unadhani inatoka yenyewe?"

"Si umezoea kupiga kelele."

"Kuna asubuhi naisema meno yameumana. Kuna siku nafika mpaka getini sijui kama nitaisema. Mlinzi ananiangalia, mimi namwangalia. Halafu naisema, kwa sababu Bwana amefufuka hata siku ambayo mimi nimeamka vibaya. Nikishaisema, Mama, sijui nikwambie nini, mikono inapata kazi! Nakumbuka kwamba ule mwili wa mke wangu haujatupwa. Mungu hajautupa. Na kama hajautupa wa kwake, basi na huu wako si gunia la kuegemeza ukutani hadi siku hiyo."

"Unaniita gunia?"

"Hapana, Mama! Nilisema..."

"Nimesikia ulichosema."

Saba mara tisa, watoto waliimba. Saba mara kumi. Wimbo ukaisha, mwalimu mgeni akasema kitu, darasa likacheka. Mama mkwe akavuta blanketi, akafuta pua.

"Yule Kamanda wenu," alisema, "mikono yake ni ya baridi?"

"Ya moto, Mama! Ya moto kabisa!"

"Basi anipime yeye. Na wewe ugeukie ukutani."

Fundi alisimama kwa pupa hivi kwamba alijigonga goti kwenye kiti, na njia iliyobaki alimsukuma kwa mwendo ambao mama mkwe alilazimika kumkumbusha kwamba mguu mmoja bado anauhitaji.

Kesho yake karakana iliona jambo ambalo halijawahi kuonekana. Fundi mkuu alisimama kwenye kona, pua karibu na ukuta, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, daftari mkononi, huku Kamanda akimsomea vipimo. "Chini ya goti, thelathini na mbili. Urefu wa kigutu, kumi na tano." Fundi aliandika, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kamanda hakujua kama anacheka au analia, na fundi mwenyewe pia hakujua vizuri.

Mama mkwe alikuwa na sharti moja. Alitoa mkobani viatu vyake vya kanisani, vyeusi, vya kamba. Cha kulia kilikuwa kimepauka kwa kuvaliwa peke yake. Cha kushoto kiling'aa, hakikuwa kimetoka kabatini zaidi ya mwaka. "Mguu uingie humu," alisema. "Sinunui viatu vingine."

Fundi alifanya kazi ile kama amepewa siku moja ya kuishi. Alimimina plasta, akachonga, akapiga msasa, akapitisha kidole gumba, akapiga msasa tena. Alilainisha bamba la plastiki kwenye oveni hadi likalegea kama shuka iliyolowa, akalivika juu ya sanamu kabla halijapoa. Muundi aliuchonga ufanane na wa mguu wa kulia, akimwomba Kamanda amweleze, maana yeye kuutazama aliona aibu.

Mara ya kwanza mguu ulimchubua. Mama mkwe aliuvua, akautupa sakafuni. "Huu mguu unauma kama wa kwanza!"

"Wapi, Mama? Unauma wapi?" Fundi alipiga magoti akautazama ule mguu kwa furaha ya ajabu, kwa sababu mtu anayelalamika kuhusu mguu anao mguu. Akapasha moto, akapanua. Mara ya pili ulilegea. Akapunguza. Mara ya tatu Kamanda aliuvika, akafunga mkanda juu ya goti, akasubiri. Mama mkwe akasema, "Endelea," na Kamanda akamwonyesha fundi dole gumba.

Siku ya kusimama ilikuwa Alhamisi, na habari zilikuwa zimeenea kupita matangazo. Kina mama wa kufulia walikuja mikono ikidondosha povu. Mlinzi alimwachia mfagiaji geti. Mwokaji alifika na mkate chini ya kwapa, akitembea bila fimbo na kuhakikisha kila mtu ameliona hilo. Hata Matroni "alikuwa anapita tu," ingawa karakana haikuwa njia ya kwenda popote.

Fundi alisimama upande wa pili wa vyuma, mikono ameifungua kama kipa.

"Nikifika tatu," Kamanda alisema. "Moja. Mbili."

Mama mkwe hakungoja tatu. Alishika vyuma, akauma midomo, mabega yakapanda, kichwa kikapanda, na mwili wote ukafuata, polepole, mpaka ukaisha kupanda. Alikuwa amesimama. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamtazama mkwe wake aliyekuwa mbele yake, akakunja kipaji cha uso. Kwa mwaka na miezi minne alikuwa amemtazama akiwa chini.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi!" alisema. "Nilikuwa nimesahau kabisa!"

Karakana ilipasuka kwa kicheko. Fundi alicheka huku machozi yakimdondoka kwenye aproni yenye vumbi, yakaacha alama. Kisha mguu wa kushoto ukatoka mbele, kisigino kwanza, ukafuata wa kulia, na mwokaji akaanza kumrudishia deni lake: "Inua uso, Bibi! Umeangusha sindano?" Hatua sita! Kwenye hatua ya sita sauti moja ilipanda juu ya makofi na vigelegele vyote, kali, ya kike, isiyotarajiwa: "Kaburi liko tupu!" Watu wakageuka. Alikuwa Matroni, mikono yote miwili juu, mwenyewe amejishtukia.

Mazoezi yaliendelea wiki sita. Siku mama mkwe alipoweza kutembea kwa fimbo hadi barabarani na kurudi, alimwambia fundi, "Sasa nipeleke kwa mwanangu."

Gari liliwashusha kwenye lango la makaburi asubuhi ya Jumamosi. Kuanzia hapo alikataa kushikwa. Ardhi ilikuwa na mashimo na mizizi, naye alipima kila hatua kwa fimbo, huku fundi akimfuata nyuma mikono tayari.

"Acha kunipumulia kisogoni," alisema.

Hakuwa ameliona kaburi lile hata siku moja. Alipofika alisoma jina la binti yake kwenye zege, herufi baada ya herufi, akapanga miguu yake yote miwili, akasimama wima.

"Nimechelewa, mwanangu," alisema. "Lakini nimekuja."

Hapo ndipo alipolia, kile kilio kilichokwama tangu ile Ijumaa ya hospitali. Alilia kwa sauti, wala hakuketi, ingawa fundi alitandaza koti lake juu ya jiwe la jirani. Kilipoisha alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akaligonga lile zege kwa ncha ya fimbo, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi.

"Hapa amepanga tu," alimwambia fundi, na macho yake mekundu yalikuwa yanawaka. "Unanisikia? Amepanga. Hajanunua."

"Hajanunua, Mama!" fundi aliitikia, na kicheko kikamtoka palepale makaburini, na mama mkwe naye akacheka, watu wawili wazima wenye kamasi, hadi mchimbaji mmoja kule mbali akaacha koleo lake akawatazama.

Binti wa fundi alikuwa hajui lolote. Bibi yake alikuwa amekataza katakata asiambiwe kwenye simu. "Ukimwambia," alimtisha fundi, "nitakuvua ukwe." Kwa hiyo kwa miezi miwili fundi alikuwa akijibu maswali ya binti yake kuhusu hali ya bibi kwa "anaendelea, anaendelea," na kukata simu kabla hajapasuka.

Chuo kilipofungwa, gari la binti lilitazamiwa saa tisa alasiri. Saa nane mama mkwe alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi na kukaa kwenye kiti cha sebuleni akiutazama mlango. Saa tisa na robo hodi ikapigwa. Fundi akainuka.

"Kaa chini," mama mkwe alisema.

"Mama, komeo ni gumu..."

"Kaa."

Akaketi. Mama mkwe akasimama, akaiacha fimbo ikining'inia kwenye mkono wa kiti, akavuka sebule. Zilikuwa hatua tisa. Fundi alizihesabu zote kwa midomo. Komeo likalia, mlango ukafunguka.

Binti alikuwa ameshainama, mikono mbele, tayari kumkumbatia mtu aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Uso wake ukakutana na kiuno cha gauni. Akaona viatu viwili. Akapandisha macho taratibu, juu, juu zaidi, mpaka yakafika kwenye uso uliokuwa unamtazama kutoka juu kwa madaha makubwa.

Yowe alilopiga liliwatoa majirani nje wakiwa na fimbo, wakidhani nyoka.

"Bibi! Bibi umesimama! Baba! Bibi amesimama!"

"Nimesimama siku nyingi," bibi alisema. "Wewe ndiye uliyekawia njiani."

Begi likaanguka, binti akamrukia. Walipepesuka pamoja, na fundi aliyeruka kutoka kitini akafika kwa wakati, akawadaka wote wawili, wakabaki wamebanana pale mlangoni, watu watatu na begi, hawawezi kuingia wala kutoka, wanacheka na kulia. Binti alimshika bibi yake mashavu kwa viganja.

"Mama angeona hivi," alisema. "Bibi, laiti Mama angeona!"

"Ataona," bibi alisema. "Ingia ndani, unaleta vumbi."

Waliingia. Majirani wakarudisha fimbo zao. Binti hakutaka hata kuvua viatu. Aliketi sakafuni, akakumbatia magoti. "Tembea tena, Bibi," aliomba. "Tembea hadi jikoni nikuone." Bibi akatembea hadi jikoni akarudi. Binti akataka aone tena. Fundi akasema kigutu kinahitaji kupumzika, yeye ndiye mtaalamu, wamsikilize, lakini hakuna aliyemsikiliza, na bibi alikuwa ameshafika jikoni mara ya tatu.